Nyumba Isiyo na Mlango: Uhakiki wa Fumbo, Msaada na Mkasi katika Mfululizo wa Exit: Das Spiel

Ikisiri

Makala hii inahakiki makasha matatu ya kwanza ya mfululizo wa Exit: Das Spiel, mchezo wa mezani ambao wachezaji, wakiwa nyumbani, hujinasua kutoka katika chumba cha kubuni kwa kutegua mafumbo. Hoja kuu ni kwamba mchezo huu unaeleweka vizuri zaidi ukisomwa kama utegaji wa vitendawili ambao mtegaji wake hayupo barazani. Kwa kuulinganisha na utaratibu wa kitendawili cha Kiswahili, makala inaonyesha kwamba mchezo umeboresha namna ya kutoa msaada, lakini umeua jambo moja ambalo kitendawili hulilinda, yaani haki ya mteguaji wa leo kuwa mtegaji wa kesho. Makala inachunguza pia gharama ya kuifanya Misri ya kale kuwa kufuli, na inapendekeza misingi ya kubuni mchezo wa aina hii kwa Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Mnamo 2004 Mjapani Toshimitsu Takagi alitoa mchezo wa kompyuta uitwao Crimson Room, ambamo mchezaji anajikuta amefungiwa ndani ya chumba chekundu na hana budi kupekua kila pembe ili atoke. Mwaka 2007, mjini Kyoto, Takao Kato wa kampuni ya SCRAP aliufanya mchezo wa namna hiyo kuwa tukio la watu halisi ndani ya chumba halisi. Vyumba vya kujinasua vikaenea Asia, kisha Ulaya na Marekani. Mnamo 2016 kampuni ya Kosmos ya Ujerumani ilirudisha chumba mezani: wabunifu Inka na Markus Brand walikitia ndani ya kasha dogo lenye kadi, kijitabu, kisahani cha msimbo na vitu vichache vya ajabu. Mwaka uliofuata makasha matatu ya kwanza, yaani kibanda kilichotelekezwa, kaburi la Firauni na maabara ya siri, yalipata kwa pamoja tuzo ya Kennerspiel des Jahres, ambayo hutolewa Ujerumani kwa michezo inayowafaa wachezaji wenye uzoefu.

Mapitio mengi ya michezo hii huuliza maswali mawili: mafumbo ni magumu kiasi gani, na je, saa moja ya burudani inalingana na bei? Maswali hayo yana nafasi yake, lakini yanaliacha kando swali ambalo mwanafunzi wa fasihi simulizi hawezi kuliruka: nani anamtegea nani? Fumbo ni tendo la watu wawili. Palipo na mteguaji lazima pawe na mtegaji, na uhusiano wao ndio unaolipa fumbo adabu yake, utamu wake na kikomo chake. Makala hii inaliuliza swali hilo kwa mchezo ambao mtegaji wake amekufungia kasha, akalitia kwenye duka, akaondoka.

Uhakiki huu hautataja jibu la fumbo lolote. Katika kazi nyingine kufichua mwisho ni kukosa adabu tu. Hapa ni kuitumia nakala ya mtu mwingine kabla hajaifungua.

2.0 Kiunzi cha Nadharia

Uchambuzi umeongozwa na nadharia ya upokezi, hasa mawazo ya Wolfgang Iser (1976), anayeshikilia kwamba matini huacha nafasi tupu ambazo msomaji huzijaza kwa tajiriba yake. Kwa Iser, maana haimo ndani ya matini peke yake wala kichwani mwa msomaji peke yake. Huzaliwa pale viwili hivyo vinapokutana. Mawazo hayo yamekamilishwa na yale ya Espen Aarseth (1997), anayezungumzia matini ambazo msomaji hawezi kuzipitia kwa kufungua kurasa tu, bali hutakiwa kufanya kazi ya ziada ili matini isonge mbele.

Nadharia ya Iser haiingii katika mchezo huu bila kupunguzwa. Nafasi tupu ya riwaya hujazwa kwa njia nyingi, na wasomaji wawili wanaweza kutofautiana pasipo mmoja wao kukosea. Nafasi tupu ya fumbo ina jibu moja lililokwisha kuamuliwa. Msomaji wa Exit yuko huru katika njia, lakini hana uhuru katika kikomo. Hali hiyo ndiyo inayoukurubisha mchezo na kitendawili kuliko hadithi: jamii inayotegeana vitendawili nayo inajua kwamba nyumba isiyo na mlango ni yai, na anayejibu "kaburi", hata akiwa na hoja nzuri, huambiwa amekosa.

3.0 Uchambuzi na Mjadala

3.1 Kisahani kama mtegaji

Kitendawili cha Kiswahili kina hatua zinazojulikana. Mtegaji hutangaza, hadhira huitikia kwamba yu tayari kutegewa, fumbo hutolewa, majaribio hufuata, na hadhira ikishindwa hutoa mji kabla ya kupewa jibu. Hatua hizo zote zimo katika Exit, ila zimegawiwa vitu. Kijitabu na kadi za fumbo hutega. Kisahani husikiliza majibu: kila fumbo lina alama yake miongoni mwa alama 10 zilizo ukingoni mwa kisahani, na wachezaji wakishapata tarakimu 3 huzipanga chini ya alama hiyo. Katika kidirisha hutokea namba ya kadi ya jibu. Kadi hiyo ama husema kwamba wamekosa, ama huwauliza ni wapi walikoiona alama hiyo. Wakionyesha kitu sahihi hupelekwa kwenye kadi nyingine, na huko ndiko wanakojua kama kufuli imefunguka.

Uthibitisho huu wa hatua mbili ni werevu wa kisanaa usiostahili kupuuzwa. Mtegaji aliye hai humtazama mteguaji machoni na kujua kama amebahatisha au ameelewa. Kadi haina macho. Kwa kudai kwamba mchezaji aonyeshe pia mahali fumbo lilipo, wabunifu wamepunguza nafasi ya kubahatisha na wameyaunganisha majibu na mandhari: tarakimu peke yake haitoshi mpaka ifungamane na mlango, sanduku au dirisha fulani. Hapo mchezo unapata kile ambacho orodha ya maswali haina, yaani mahali.

Hata hivyo kisahani ni mtegaji mkali asiyejadiliana. Barazani, jibu lililo karibu na ukweli hupokelewa kwa kicheko au kwa kuongezewa kidokezo, na mara nyingine kitendawili kimoja huwa na majibu mawili yanayokubalika katika miji miwili. Kisahani kinajua ndiyo na hapana tu. Mchezaji aliyepata njia nzima ya fumbo lakini akakosea tarakimu moja hupewa jibu lile lile analopewa aliyebahatisha. Udhaifu huu hautokani na uzembe wa wabunifu. Ni bei ya kumwondoa mtegaji. Lakini ni bei, na mhakiki hana budi kuitaja.

3.2 Mji na kadi ya msaada

Utaratibu wa kuomba mji una hekima yake. Hadhira ikishindwa, hailipi kwa fedheha ya kimyakimya. Inalipa kwa kutaja mji hadharani. Mtegaji huupokea, hujisifu jinsi alivyokwenda huko na kukirimiwa, kisha hutoa jibu. Kushindwa kunageuzwa kuwa kipande cha masimulizi. Aliyeshindwa ametoa kitu chenye thamani, na wote wamefurahi.

Exit imejenga utaratibu mwingine. Kila alama ina kadi 3 za msaada. Ya kwanza huwaeleza wachezaji ni vitu gani wanavyovihitaji ili fumbo liteguliwe; ya pili hutoa dokezo la njia; ya tatu hutoa jibu. Mwishoni idadi ya kadi zilizotumika hupimwa pamoja na muda, na wachezaji hupata nyota zisizozidi 10. Hakuna anayeshindwa kabisa, kwa kuwa saa haiufungi mlango. Inapunguza sifa tu.

Kwa kipimo cha ufundishaji, ngazi hizi 3 zinaushinda mji. Mji ni yote au hakuna: ukishautoa umepewa jibu, na furaha ya kutegua imekwisha. Kadi ya kwanza ya Exit, kinyume chake, mara nyingi hueleza jambo moja tu, kwamba bado hamjapata kila kinachohitajika, kwa hiyo acheni kuumiza vichwa na mwendelee kupekua. Huo ni msaada unaomrudisha mteguaji kazini badala ya kumwondoa. Mwalimu yeyote aliyewahi kumsaidia mwanafunzi bila kumfanyia hesabu anaijua tofauti hiyo.

Kanuni moja inastahili uangalifu wa pekee. Kadi ya msaada iliyowaeleza wachezaji jambo walilolijua tayari haihesabiwi. Hakuna wa kuhakikisha hilo. Wachezaji wenyewe ndio mashahidi na ndio mahakimu. Hapa ndipo mchezo, uliomwondoa mtegaji kwa ustadi mkubwa, unapolazimika kurudi kwenye uaminifu wa watu walio mezani. Sheria haikuweza kukamilika bila baraza.

Lakini katika suala la utamu, mji unashinda. Kadi ya msaada hugharimu nyota, na nyota ni upungufu usio na hadithi. Kikundi kinachoogopa kuupunguza ufaulu wake hukaa kimya mbele ya fumbo lile lile, na saa inakwenda, kwa sababu kuomba msaada kumewekwa kwenye safu moja na kosa. Mapokeo ya kitendawili yaliliona tatizo hilo na kulitatua kwa kuifanya malipo ya kushindwa kuwa zawadi. Mbunifu wa kisasa angeweza kujifunza hapo: kadi ya msaada ingeweza kudai kitu kutoka kwa wachezaji, neno, mji au kisa, badala ya kuwanyang'anya.

3.3 Mkasi

Sifa inayotajwa zaidi kuhusu Exit ni kwamba huchezwa mara moja tu. Wachezaji huruhusiwa kuandika, kukunja, kuchana na kukata, na kuna mafumbo ambayo hayategukiki pasipo mkasi. Mchezo ukiisha, kinachobaki ni vipande vya karatasi.

Ni rahisi kulilaani jambo hili kama ufujaji, lakini hukumu hiyo ni ya haraka. Ukataji una kazi ya kisanaa. Tumelelewa kukihifadhi kitabu. Mwenye kuchana ukurasa hukaripiwa. Mchezo unaposhika katazo hilo na kuligeuza kuwa njia ya kuelewa, unampa msomaji tendo lisilorudika. Katika riwaya msomaji anaweza kurudi nyuma ukurasa mmoja na kusoma upya; hapa, kabla ya kukata, inambidi aamini kwamba ameelewa. Kwa istilahi za Aarseth, kazi ya msomaji imefikia upeo wake: si kuchagua njia tu, bali kuibadilisha matini isiweze kuwa ilivyokuwa.

Tatizo liko kwingine. Kitendawili nacho hupoteza nguvu mara moja kinapoteguliwa, kwani huwezi kumtega tena mtu yule yule kwa yai. Lakini hakifi. Aliyetegwa jana hukichukua na kwenda kumtega mdogo wake, na katika kukitega hupata furaha ya pili, iliyo kubwa pengine kuliko ya kwanza, ya kumtazama mwingine akihangaika katika njia aliyoipita yeye. Kitendawili humfanya kila mteguaji kuwa mtegaji mtarajiwa. Ndivyo kinavyorithiwa. Exit iliyokatwa haimfanyi mtu yeyote kuwa mtegaji. Inazalisha wateguaji ambao, wakitaka kutegewa tena, hurudi dukani.

Kwamba hali hii si lazima inathibitishwa na mfululizo wa Unlock!, uliotolewa mwaka 2017 na kampuni ya Space Cowboys ya Ufaransa. Humo hakuna kinachokatwa. Kadi zina namba; kitu kimoja huunganishwa na kingine kwa kujumlisha namba zao, na programu ya simu husimamia saa, misimbo na adhabu za dakika. Mchezo ukiisha, kadi hupangwa upya na kasha hupewa jirani. Aliyekwisha kucheza anaweza kukaa mezani pamoja na wageni, akawaangalia, akawadokezea. Kwa maneno mengine, anaweza kuwa mtegaji. Gharama yake ni kwamba Unlock! haiwezi kumpa mchezaji lile tendo lisilorudika, na inautegemea mtambo ambao kizazi kijacho huenda kisiwe nao. Kila mfululizo umelipia alichokichagua.

Kwa watafiti, mkasi unaleta swali la uhifadhi. Maktaba itaihifadhi vipi kazi inayosomwa kwa kuharibiwa? Nakala isiyofunguliwa ni ushahidi wa kitu ambacho hakuna aliyekisoma. Nakala iliyokatwa ni ushahidi wa usomaji uliokwisha kupita. Watafiti wa fasihi simulizi wanalifahamu tatizo hili, kwa kuwa tepu ya utambaji nayo si utambaji. Njia waliyoifuata, ya kuhifadhi matini pamoja na maelezo ya muktadha, hadhira na mwitikio, ndiyo inayofaa hapa pia.

3.4 Kaburi kama kufuli

Visa vya makasha haya ni vyepesi kwa makusudi. Katika kibanda, watu waliolala humo huamka asubuhi wakakuta mlango umefungwa na madirisha yana nondo. Katika maabara, waliojitolea kwa majaribio ya kitabibu hujikuta wamefungiwa. Katika kaburi, watalii walio ziarani Misri hupotezana na kundi lao, na mlango wa jiwe hufunga nyuma yao. Katika vyote vitatu kuna kijitabu na kisahani, na hakuna anayeuliza kwa kina vimetoka wapi. Kisa ni kamba ya kufungia mafumbo.

Wepesi huo hauna gharama sawa kila mahali. Kibanda hakina mwenyewe. Kukifanya kufuli hakumpunguzii mtu kitu. Kaburi la Misri lina wenyewe, imani yake na maandishi yake. Makaburi mengi ya Ufalme wa Kale yalichongwa mlango bandia, ambao si hila ya kumpoteza mwizi bali ni njia ya roho ya marehemu kupokea sadaka za walio hai. Katika utamaduni ulioujenga, ukuta huo ulikuwa mahali pa kukutana. Katika mchezo, kaburi limekuwa mahali pa kunaswa. Vivyo hivyo maandishi. Tangu mwaka 1822, Jean-François Champollion alipoeleza jinsi hiroglifu zinavyofanya kazi, inajulikana kwamba alama hizo huandika lugha, zikiwa na sauti na sarufi. Mchezo unazitumia alama zenye sura ya Kimisri kana kwamba ziliwekwa ziwe msimbo wa mtalii. Hakuna hatua ya utaratibu inayomtaka mchezaji aelewe lolote kuhusu Misri. Anachohitaji ni tarakimu 3.

Si haki kuutaka mchezo wa saa moja ubebe somo la historia. Lakini hoja hii si ya maudhui peke yake. Ni ya fani. Fumbo bora ni lile ambalo jibu lake humfanya mteguaji akione kitu upya. Nyumba isiyo na mlango hutufanya tulitazame yai kama jengo, na hatuwezi tena kulivunja bila kukumbuka kwamba tunabomoa ukuta. Fumbo la kaburi lililojengwa juu ya mlango bandia lingemfundisha mchezaji kwamba ukuta anaoupiga ngumi ulikuwa mlango wa mtu mwingine. Mandhari hiyo ilikuwa na fumbo kubwa ndani yake, na wabunifu wakatumia ganda lake.

4.0 Misingi ya Mchezo wa Kujinasua kwa Kiswahili

Kutokana na uchambuzi huu, kutafsiri makasha yaliyopo hakutatosha. Fumbo linaloegemea umbo la herufi au tahajia ya lugha fulani hufa linapovushwa, na fumbo linaloegemea picha tupu halihitaji mfasiri. Mchezo wa Kiswahili unapaswa kuanza na yale ambayo Kiswahili kinayaficha chenyewe.

Mifano iko karibu. Msemaji wa Kiswahili huitazama saa ambayo mshale wake mfupi uko kwenye 9 na kusema ni saa tatu. Tofauti hiyo ya saa 6, ambayo watoto huimudu bila kufundishwa, ni kufuli iliyokwisha kutengenezwa: saa ya ukutani na barua inayotaja wakati zinaweza kutoa tarakimu mbili tofauti, na ajuaye lugha ndiye atakayejua ipi itumike. Ngeli ni kufuli nyingine, kwa kuwa kiambishi cha upatanisho huweza kukitambulisha kitu ambacho hakikutajwa. Kinyume, mchezo wa lugha wa pwani wa kuileta silabi ya mwisho mwanzoni, ni msimbo uliokuwa midomoni mwa watu kabla ya kisahani chochote. Na maandishi ya Kiswahili kwa hati za Kiarabu yanaweza kusomwa kama maandishi, si kama pambo.

Juu ya yote, mchezo huo ungefaa kumrudisha mtegaji. Mkasi unaweza kubaki, ila kasha liwe na karatasi tupu na utaratibu unaowaelekeza waliotoka watunge fumbo moja la kuwaachia watakaofuata.

5.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba Exit: Das Spiel ni kazi yenye fani iliyokomaa: uthibitisho wake wa hatua mbili unalifungamanisha jibu na mahali, ngazi zake za msaada zinamheshimu mteguaji kuliko mji unavyoweza, na mkasi wake unampa msomaji tendo la uelewa lisilorudika. Imeonyesha pia kwamba kazi hiyo inamgeuza mteguaji kuwa mwisho wa safari ya fumbo, na kwamba inapochukua mandhari yenye wenyewe inaitumia kama ukuta bila kuuliza ukuta huo ulikuwa wa nini. Methali husema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Uchambuzi huu unaongeza kwamba werevu wa kugangua haukamiliki mpaka mganguaji naye aweze kufumba, na hicho ndicho kipimo ambacho michezo ya aina hii, ya kigeni na itakayobuniwa kwetu, inastahili kupimwa nacho.